Niliunganisha pacha wawili kwenye software ya kodi, pensheni ya Bi Doto ikayeyuka

Wakuu, salaam kutoka Tabora.

Hii siyo chai. Imenikuta mwenyewe, na pale nilipokosea nitasema nimekosea, msihangaike kunitafutia.

Mimi ni mhasibu wa kiwanda kidogo cha kuchuja na kufungasha asali, hapa Kanyenye. Neno mhasibu lisiwatishe. Ni mimi, laptop moja, na Alhaji mwenye mali. Kila mwezi natengeneza ritani ya kodi za mishahara na orodha ya michango ya pensheni. Mishahara yenyewe tunalipa mkononi, kila mtu anasaini daftari.

Zamani nilitumia Excel. Akaja jamaa anauza software inayofanya kodi na pensheni kwa pamoja. Bei inakwenda kwa vichwa: wafanyakazi hadi ishirini ni bei moja, akizidi hata mmoja unaruka bei ya juu.

Sisi tulikuwa ishirini na mmoja.

Nilimbana yule jamaa siku tatu. Nikamwambia huyo mmoja mfanye nyongeza, kama muuza nyanya anavyotupia moja juu ya fungu. Akagoma.

Basi nikaanza kuingiza majina. Na kwa kuwa mimi kila kitu nakipitia mara mbili, kumbe kuna watu watatu niliwaingiza mara mbili. Software ikaleta ujumbe: kuna rekodi nne zinazojirudia, uziunganishe? Nikafungua ya kwanza, kweli mtu mmoja. Ya pili, kweli. Ya tatu, kweli.

Ya nne sikuifungua. Nikabonyeza UNGANISHA ZOTE.

Idadi ikasoma ishirini.

Mnaona nilivyo? Nilijua tuko ishirini na mmoja, lakini nikaitazama ile ishirini nikasema labda nilimhesabu na Alhaji. Nikalipa bei ya chini, nikaenda kunywa soda baridi ya ushindi.

Ile rekodi ya nne ilikuwa ya Bi Kulwa na Bi Doto.

Kwa wasiojua, huku kwetu pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Hawa wanatoka Ntalikwa. Tarehe ya kuzaliwa moja, jina la baba moja, waliajiriwa siku moja, na simu wanachangia moja. Kitambulisho cha Bi Doto kilikuwa bado hakijatoka, nikaacha pengo. Kompyuta ikaona mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili.

Ikajumlisha mishahara yao, yote ikaenda kwa Bi Kulwa. Na jumla ilikuwa inakubali kila mwezi! Nahesabu hela, iko sawa. Narudia, iko sawa. Vichwa sikuhesabu hata mara moja.

Dalili ilikuwepo moja tu. Mshahara wa kila mmoja wao peke yake haufiki kiwango cha kukatwa kodi. Ukiunganisha, unafika. Alhaji akauliza, "Mbona kodi imepanda?"

Nikamjibu kwa kujiamini, "Serikali hiyo, Alhaji."

Akatikisa kichwa, akalipa. Miezi ishirini na sita.

Sasa juzi juzi Bi Doto akaamua kustaafu. Kuna idadi ya miezi ya michango ambayo lazima uitimize ndiyo ulipwe pensheni kila mwezi maisha yako yote. Usipoitimiza unapewa mkupuo mmoja, kwaheri. Yeye alikuwa ameitimiza kwa kugusa tu, hakuna hata mwezi wa ziada. Mpaka aproni yake ya kazi alishaigawa.

Akaenda kuchukua taarifa ya michango yake. Akarudi, akaiweka mezani kwangu.

"Mwanangu, nisomee vizuri. Hapa ni kama niliacha kazi miaka miwili iliyopita. Hii asali nilikuwa naikamua nikiwa mzimu?"

Wakuu, nikaipitia mstari kwa mstari: miezi ishirini na sita haina mchango hata mmoja.

Nikamwomba Bi Kulwa naye alete ya kwake. Ya kwake imenona, michango ya watu wawili.

Bi Doto akamgeukia. "Tumboni ulinitangulia, sikusema kitu. Na pensheni unaila peke yako?"

"Niondolee balaa!" Bi Kulwa akajibu. "Mimi hata simu tunashika kwa zamu. Huo wizi ningeufanya zamu ya nani?"

Wafanyakazi wenzao wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilishafungua historia ya ile software, na aliyebonyeza ni mimi. Ningeweza kusingizia mtandao. Nikasema ukweli wote, pamoja na ile habari ya bei ya vichwa.

Sasa Bi Doto akanigeukia mimi.

"Kwa hiyo ulinitoa mimi ili wewe upunguziwe?"

Nikaivuta laptop.

Nilitaka kufuta ile rekodi niandike upya. Afisa wa mfuko wa pensheni akanizuia: usifute kitu, huo ndio ushahidi wako. Nikaprint kila mwezi ulivyokuwa, nikatenganisha rekodi, nikatuma ritani za marekebisho mwezi kwa mwezi. Bi Kulwa akasaini barua ya kuridhia michango ihamishiwe kwa mdogo wake. Nikaambatanisha nakala za daftari, kuonyesha kila mwezi walisaini wawili. Kodi iliyozidi tumeomba irudishwe. Kwa sasa Alhaji ananiita "Serikali".

Miezi ishirini na nne ikakubaliwa.

Miwili ikakwama. Kuna ndoo ya asali iliwahi kumwagikia lile daftari, kurasa zikagandana. Tulipozibandua, saini zikachanika. Afisa akasema leteni ushahidi mwingine.

Kwa hiyo Bi Doto amerudi kazini. Bi Kulwa, ambaye miezi yake imetimia, amestaafu, yuko Ntalikwa anapumzika. Tangu waajiriwe sikuwahi kuona mmoja anakuja bila mwenzake, mpaka sasa. Kila asubuhi Bi Doto anapita mezani kwangu, namwamkia shikamoo.

"Marahaba. Nimekuja kuitumikia miezi yako."

Anasema kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Nilichojifunza: jumla kukubali haimaanishi kila mtu amepata chake. Ukitengeneza ritani, hesabu watu kwanza, halafu ndiyo hela. Na wewe mwajiriwa, usisubiri kustaafu ndipo uombe taarifa ya michango yako.

Swali langu: kuna mtu amewahi kurekebisha michango bila saini za mshahara? Kiapo cha Alhaji mahakamani kinatosha, au wanataka na mashahidi?

Wa kunichapa mtanichapa, nipo. Ila mwenye jibu atangulie, maana mama wa watu bado ana mwezi mmoja na siku tisa.