Ruta ya Chumba cha Nyuma

Bwana yangu alitumika maisha yake yote ku mashini ya kusaga mawe ya mgodi. Mashini iliua masikio yake, kiisha vumbi ikamaliza kifua. Wakati alianguka kitandani, kumupigia telefone ya sauti tu ilikuwa kazi bure. Alitaka kuona midomo ya muntu ikisema. Njo vile alikuwa anasikia. Na muntu aliyemutaka ni binti yetu wa mwisho, anayekaa Bulaya pamoja na ndugu zake bengine.

Lakini chumba chake kilikuwa nyuma, na nyumba yetu ya Ruashi tuliijenga na matofali ya kuchoma, ukuta mbili-mbili, kusudi bezi basitoboe usiku. Rezo, mtandao wa telefone, haikuingia mule. Picha ilikwama, uso wa mutoto unabakia vipande-vipande kama sahani imepasuka. Basi, wakati bantu ba kuvuta kabulo, waya ya intaneti, balifika mu barabara yetu, nikasema tuingize intaneti ya kabulo, na tutafute ruta ya kufikisha wifi mpaka kitandani kwake. Batoto ba Bulaya bakakubali mbio kulipa. Nilishangaa namna balikubali mbio.

Nilienda mu magazini na mutoto wangu wa kwanza, mwanaume wa mvi sasa. Muuzaji akaweka ruta mbili juu ya meza. Moja ndogo, ya ndani. Ingine nene, ya kufunga inje chini ya paa, haiogope mvua.

— Mama, mu nyumba muko bantu ngapi?

— Miye na muzee wangu.

Mutoto akakohoa.

— Hesabu bantu mia. Pengine kupita.

— Mia? Kaka, munafungua kanisa? muuzaji akacheka.

— Batakuwa mu lupango, mu kiwanja cha nyumba, chini ya turubai. Kamera itasimama inje. Inafaa picha isikate.

Muuzaji akaacha kucheka. Na miye nikaelewa. Turubai, lupango yenye kujaa bantu: kile ni kilio. Batoto bangu balikuwa banachagua ruta ya kuangalia maziko ya baba yabo, na asubuhi ile baba yabo alikunywa uji.

— Ni nani alileta hii wazo?

— Mama, usikasirike. Bote ba kule banafanya vile. Kazi haibaachilie kuja. Banataka kuona tu.

— Bamuone leo. Leo iko muzima.

— Mama, tununue mara moja, kusudi kiisha…

— Weye, funga kinywa. Baba muuzaji, leta ile ndogo.

Fundi akapitisha kabulo mpaka chumba cha nyuma, ruta akaiweka juu ya kabati. Muchana tukamupigia binti yetu. Picha ilisimama wazi, niliona hata hereni za mutoto. Bwana yangu alishika telefone na mikono yote mbili, akakaza macho ku midomo yake.

— Papa, akasema. Kiisha akageuza macho pembeni. Mama, twaa telefone. Siwezi kumuangalia vile. Twaa, nakulomba.

Sikuitwaa. Bwana yangu alikuwa amekwisha kuona yale maneno. Akailaza telefone juu ya bulangeti, uso chini, yeye mwenyewe.

— Kule usiku imeingia, akaniambia na ile sauti yake kubwa ya kiziwi. Acha mutoto alale.

Kule jua ilikuwa inawaka sawa vile kwetu. Nikamufunika miguu.

Hakuulizia telefone tena. Tulimuzika mu wiki za mvua. Mu lupango, mutoto wangu wa kwanza alizunguka na telefone juu mukononi, anatafuta wifi katikati ya bantu benye kulia, na picha inakata. Kiisha maziko, binti yangu akanipigia.

— Mama, hatukuona kitu! Ulichagua ruta gani ya bure vile?

— Siku ile papa yako alikuangalia, ilionyesha muzuri, nikamujibu.

Nikakata telefone.