Kura za Kokwa za Tende

Niligombea uweka hazina kwa hasira. Wenzangu hugombea kwa kuombwa, au kwa kusukumwa mpaka wakubali. Mimi nilisimama mwenyewe katikati ya sebule ya watu, Bur Dubai, nikasema, "Mimi hapa," kisha nikakaa upesi.

Chama chetu kilikuwa cha watu kumi na tisa. Wengi walikuwa Wapwani wa Kenya, wakafuatia Wazanzibari wachache, na watu wa bara wawili watatu waliokuja siku moja kwa ajili ya biriani wakabaki kwa ajili ya chama. Kazi yake ilikuwa moja tu, nauli. Ukipigiwa simu kwamba mzazi wako amefariki, tiketi ilinunuliwa siku ileile, usikae Dubai unalia huku unamsubiri kafeel, yule tajiri aliyekudhamini, akukumbuke. Mimi mwenyewe nilishasafiri kwa nauli hiyo baba alipofariki, nikawahi kukaa matanga na mama.

Akaunti ya benki kwa jina la chama hatukuweza kufungua, kwa hiyo pesa zilikaa kwenye kisanduku cha chuma, na kisanduku kilikaa chumbani kwa mweka hazina. Ndiyo maana kiti hicho kilikuwa kizito kuliko cha mwenyekiti. Mwenyekiti tulimpa yeyote mwenye sauti. Mweka hazina alikuwa mtu ambaye watu wazima wamekubali kulala usingizi wakati jasho lao liko chini ya kitanda chake.

Na mimi nilikuwa mtu aliyeondolewa kwenye pesa. Nilikuwa keshia katika mgahawa wa hoteli moja kule Marina, mpaka siku droo ilipopungua dirham mia tatu. Sikuchukua. Hakuna aliyesema nimechukua, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu ningeshitakiwa ningejitetea. Madam wa hesabu alitabasamu tu, na wiki iliyofuata nikapelekwa dobi kukunja mashuka. Habari ilifika nyumbani kabla yangu, kwenye kile chumba tulichopanga watu wanne Jumeirah Village Circle. Miezi minane baadaye, kwenye mkutano wa chama, nikamsikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Si ndiye yule wa droo?" Hapo ndipo niliposimama. Nilitaka wanikabidhi kile kisanduku, au waniambie waziwazi kwamba hawaniamini.

Mpinzani wangu alikuwa fundi cherehani kutoka Lamu, aliyeshona katika duka la vitambaa mitaa miwili kutoka pale tulipokutana. Mtu mpole, mcha Mungu, nadhani hajawahi kupoteza hata sindano. Nilimchukia wiki nzima bila sababu yoyote.

Uchaguzi ulisimamiwa na mweka hazina aliyekuwa anang'atuka, mama wa Kizanzibari mwenye ile sebule, ambaye sote tulimwita Bibi. Alikuwa anahamia Muscat kwa mwanawe. Bibi hakutaka kura za karatasi. Alisema karatasi ina mwandiko, na sisi kwa kuandikiana orodha za michango tulishajuana miandiko. Tulipiga kura kwa kokwa za tende. Pembeni ya sebule lilining'inizwa pazia, na nyuma yake meza yenye sinia la tende na mabakuli mawili, moja kwa kila mgombea. Unaingia peke yako, unakula tende moja, kokwa yake unaitia katika bakuli la unayemtaka, unatoka. Wagombea hupiga kura kwanza, na amri ya Bibi ilikuwa kwamba mgombea hajipigii. Kokwa yako unampa mwenzako, kisha unasimama kuugeukia ukuta mpaka watu waishe.

Ijumaa ile nusu yetu walitoka msikitini na nusu nyingine kanisani, maana Dubai hata Wakristo husali Ijumaa, wakakutana kwenye harufu ya biriani. Mimi nilipewa bakuli la stili, fundi la plastiki. Nikatia kokwa yangu kwake kwa shingo upande, tukaenda kusimama ukutani bega kwa bega, tukitazama rangi iliyobanduka. Nyuma yetu mlango ulifunguliwa, wageni wakakaribishwa, watoto wakafukuzwa. Plastiki hailii. Stili inalia. Kila kokwa iliyoangukia kwangu niliisikia, ting, na kila ting moyo wangu uliruka.

Bibi akatoka na mabakuli, akahesabu mbele ya watu. Fundi kumi. Mimi kumi na tatu.

Vigelegele! Mtu alinikumbatia kwa nyuma, mwingine akanivua mtandio akaupunga hewani. Nilifurahi hadi nikacheka kama mwehu. Lakini mimi ni keshia, hata ukinipeleka dobi. Namba mbili zikitajwa mbele yangu, kichwa kinajumlisha chenyewe bila kuniomba ruhusa. Kumi na tatu na kumi ni ishirini na tatu, na sisi tulikuwa kumi na tisa.

Zilizidi nne. Nilikumbuka kwamba bakuli langu ndilo lililokuwa kando ya sinia, mahali ambapo mtu asiyejua angetupa kokwa. Kama zote nne zilikuwa mle, nilikuwa na tisa, na fundi kanishinda. Nyamaza, nikajiambia, watu wamefurahi, na biriani iko tayari. Lakini nilishalala miezi minane na hesabu moja isiyokaa sawa, na ya pili sikuitaka. Nikajikaza kisabuni.

"Bibi, chama kina watu wangapi?"

"Kumi na tisa, mwanangu."

"Na kumi na tatu kujumlisha kumi?"

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Fundi akahesabu kwa vidole, akaishiwa vidole. Bibi akazungusha macho sebule nzima, yakatua kwa Waganda wawili waliokaa karibu na mlango. Walikuwa walinzi, majirani wa ghorofa ya juu, walioalikwa chakula tu.

"Wanangu, nyie mmeingia kule nyuma ya pazia?"

"Tuliona watu wako kwa laini ya tende, mama," mmoja akajibu kwa adabu kubwa. "Na sisi tukaingia laini."

"Mara ngapi?"

Akamtazama mwenzake. "Mara mbili. Tende ilikuwa tamu sana."

"Kila mmoja?"

"Kila mmoja. Sori, madam. Mbegu tuliweka kwa ile ya kung'aa, hapo karibu na sahani."

Sebule iliangua kicheko ambacho sijakisikia tena. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Walinzi nao wakacheka, bila kuwa na hakika wanacheka nini. Mimi nilicheka pia, machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Tisa kwa kumi. Nilikuwa nimeshindwa kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Basi khalas, fundi ndiye," mtu akasema.

Fundi akatikisa kichwa. "Hapana. Mimi sichukui kiti kwenye uchaguzi ulioingiliwa na askari wenye njaa. Yalla, turudie, na nyinyi mfikiri vizuri."

Tukarudia. Walinzi walikalishwa kwenye kochi na sahani yao ya tende, wakachungwa wao. Nikaingia nyuma ya pazia, nikala tende, nikatia kokwa katika bakuli la fundi, na mara hii nilimpa kwa moyo wangu wote. Nikarudi ukutani. Fundi akaingia baada yangu, nikasikia ting ya kwanza, naye akaja kusimama kando yangu.

Kisha ting. Na nyingine. Nilianza kuhesabu, maana sijui kukaa bila kuhesabu. Nilipofika tisa nilishusha pumzi, nikijua sasa zitaanza kwenda kwenye plastiki. Kumi. Kumi na moja. Kumi na tano. Nikadhani masikio yananichezea, au walinzi wametoroka kochini. Kumi na saba. Kumi na nane. Kando yangu fundi alikuwa ameinamisha uso, mabega yanamtikisika kwa kucheka.

Bibi alileta mabakuli, akaliinamisha la stili kila mtu aone. Kumi na nane. Kisha akaliinamisha la plastiki. Ndani yake mlikuwa na kokwa moja tu, ile yangu.

Nililia waziwazi, mimi niliyejiapiza sitalia mbele yao. Yule aliyeuliza habari za droo ndiye aliyenipa kitambaa cha kujifuta. Bibi akaenda chumbani, akarudi na kisanduku na daftari, akaniwekea mapajani.

"Haya, mwanangu. Kilichomo kimeandikwa humo. Twendeni tukale."

"Tuhesabu kwanza," nikasema.

Watu waliguna. "Aki, dada, tumekuamini!" mmoja akalia. "Biriani inapoa!"

"Ipoe."

Wakakaa chini wakinung'unika, nami nikamwaga pesa zote mkekani, nikahesabu noti moja moja kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa na njaa na macho yote mikononi mwangu. Hesabu ilikaa sawa na daftari, mpaka dirham ya mwisho, na biriani tuliila baridi.