Nilivyoombewa Nikiwa Mzima

Vijana huita kughost: unamnyamazia mtu bila maelezo mpaka achoke mwenyewe. Onsongo, fundi wa mbao kule Birongo, hakuwa na kosa ila kunipigia kila asubuhi kuniuliza kama nimekunywa chai. Nikamblock, nikajiona mjanja.

Miezi mitatu baadaye kwaya yetu ya Ekerenyo ikaalikwa kuimba kanisani kwao Onsongo. Nikajificha nyuma ya Mama Kerubo, ambaye ana mwili wa kututosha wawili. Nilisahau kwamba siku ya Sabato wageni husimama mmoja mmoja kujitambulisha. Jina la uongo lilinijia, lakini kwaya nzima ilikuwa inanisikiliza.

"Naitwa Moraa, natoka Ekerenyo."

Kanisa likaguna. Onsongo akasimama, machozi yakimlengalenga. "Ndiye huyu! Simu yake ilipozima ghafla nilijua amepatwa na jambo. Ndiye tumekuwa tukifunga na kumwombea kila Jumatano!"

"Amina!" kanisa likaitikia. Hata Mama Kerubo akasogea kando ili nionekane vizuri.

Mzee wa kanisa akanikabidhi maikrofoni. "Dada Moraa, usione haya. Tupe ushuhuda: Bwana amekutoa wapi?"