Amina Zilizomchelewesha Bibi

Jumamosi jumuiya yetu ya kanisa ya Lemara ilikwenda hospitali kumwombea bibi mmoja mwenzetu aliyepooza upande mmoja. Tulikuwa akina mama tisa, sote na vitenge vya sare. Tuliimba beti zote, mwenyekiti akaomba na kuomba, mpaka mlinzi akagonga mlango: "Muda wa kuona wagonjwa umekwisha."

Nilipoinama kumuaga, bibi alinishika kiganja. "Asanteni kwa maombi, mwanangu. Nimelalia ubavu huu tangu asubuhi. Nilikuwa nasubiri mseme amina, niwaombe mnigeuze."

"Mama, toka," mlinzi akasema.

Nikatoka. Miaka ishirini kanisani imenifundisha kufumba macho vizuri.

Jioni picha yetu ya hospitali ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, na chini yake amina nyingi. Ya kwanza ni yangu.