Transfoma Iliyokwenda Makere

Mimi muziki siujui. Nalisema mapema, kwa sababu siku hizi mafundi wa studio wananipigia simu kutoka Kibondo kana kwamba mimi ni mtu wa maana, mara mama una valvu, mara mama una transfoma ya zamani, na mimi najibu kwa sauti nzito kama bingwa. Ninachokijua ni duka. Marehemu mume wangu alikuwa fundi redio hapa Kasulu, mtu asiyetupa kitu, na alipofariki aliniachia chumba kimejaa matumbo ya redio na amplifaya za zamani. Ndugu zake wakaniambia niwauzie watu wa vyuma chakavu. Ebo! Nimetoka Tanga kuja kuolewa kwenye baridi hii, chumba hicho ndicho nilichobaki nacho, halafu mtu anipangie? Nikaweka meza mlangoni nikauza mwenyewe.

Aliyenionyesha kwamba nimekalia mali ni Mkongo mmoja wa kambi ya wakimbizi, fundi mitambo wa kwaya. Mara ya kwanza aliniambia anatafuta vitu vya kutengenezea kompresa, nami nikamwelekeza stendi kwa wajaza upepo wa matairi. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo yangu.

"Hapana, mama. Hii ni ya sauti."

Akanionyesha picha kwenye simu: boksi la bati lenye vitufe vikubwa na kioo cha mshale, mashine ya studio za enzi za babu zetu. Kazi yake ni kuibana sauti. Mwimbaji akipiga kelele inamshusha, akinong'ona inamwinua, ili kwenye rekodi neno lisipotee wala sikio lisiumie. Zile za asili huku kwetu utazipata wapi, kwa hiyo yeye alikuwa anaunda mfano wake kwa kufuata mchoro. Nikamuuliza, si mnasema siku hizi kompyuta inafanya kila kitu?

"Inafanya, mama, lakini haina joto. Na bibi yangu ndiye anaongoza kwaya. Akianza ni kama anabembeleza mtoto, akifika kwa kiitikio, mabati ya kanisa inataka kutoka!"

Bibi kwao ndiyo mke. Basi akawa mteja wangu. Kila akipata kibali cha kutoka kambini anakuja, anachambua makopo ya mume wangu, anatoka na valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, na kapasita nene kama vidole gumba, na vitufe vyeusi vya redio ambayo mimi nilikuwa nafungia mlango. Nikawa namtania kwamba mashine yenyewe itaimba kabla ya mkewe. Nilimpenda yule mtu, kusema kweli. Alishika vitu vya marehemu kwa adabu.

Mwisho ikabaki transfoma, ile inayoilisha umeme mashine nzima. Nilikuwa nazo mbili za aina aliyoitaka, mapacha kabisa, zimetoka kwenye amplifaya zinazofanana. Moja nzima, moja mbovu. Na mume wangu alikuwa na desturi, yeye na mafundi wenzake wa zamani: kibovu hakitupwi, kinafungwa uzi mwekundu na kurudishwa rafuni kingoje siku ya kutolewa nyaya zake. Ile ya uzi mwekundu ilikuwa mbovu kwa ubovu wa kichawi. Umeme inatoa sawasawa, ukiipima utasema nzima, lakini ndani inavujisha umeme kwenye chuma chake chenyewe. Ilishamrusha mume wangu ukutani, na toka siku hiyo alikuwa akiniambia chenye uzi nisikiguse.

Asubuhi ile Mkongo alipokuja nilichukua isiyo na uzi nikampa. Wala sikufikiri mara mbili. Akaifunga kwenye shati lake la akiba akaipakata.

"Leo saa kumi tunawasha, mama, kwa kanisa ya Makere, kule kuna umeme. Imebaki hii tu."

Akaondoka anapiga mluzi.

Zilikuwa siku za mwisho za Ramadhani. Adhuhuri akaja wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye jana yake, mimi nikiwa sokoni, alikuwa amenisafishia duka kwa ajili ya Idi. Alikuja kutafuta sifa. Nikampa sifa zake, maana kweli rafu ziling'aa. Naye akaongeza, mikono kiunoni:

"Hata yale manyuzi machafu nimeyakata yote nikayachoma. Wifi, mbona unakaa kama kwa mganga?"

Wallahi damu ilinikauka. Nilimtazama asinielewe. Nikaiendea ile transfoma pacha iliyobaki, nikaiunga kwenye waya, nikachomeka ukutani, nikachukua testa ya marehemu, ile bisibisi yenye kitaa kwenye mpini. Kitaa kikiwaka, chuma kina umeme. Katika maisha yangu sijawahi kuomba kitu changu kiwe kibovu, lakini siku ile niliomba. Ewe Mola, iwe hii, iwake. Nikagusa chuma. Haikuwaka. Nikagusa tena, nikasugua mpaka rangi ikatoka. Giza tupu. Nzima ilikuwa imebaki kwangu, na mbovu ilikuwa njiani kwenda kufungwa ndani ya boksi la bati.

Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena na tena, yule dada wa kwenye mtandao ananijibu kwa upole mpaka nikamtukana. Wifi alipoelewa akaanza kulia, "Yoo, nimeua mtu, nimeua mtu," nami nikamwambia alie huku anafunga duka. Nikaitia ile nzima kwenye kikapu, testa nikaichomeka kwenye mkunjo wa kanga, nikamsimamisha bodaboda.

"Makere. Na usiniulize kitu."

Hakuuliza. Njiani tulikuta watu wamezuia barabara kwa matengenezo, tukasimama zaidi ya saa nzima, na mimi pale juu ya pikipiki nikawa namwona yule Mkongo anaweka mkono mmoja kwenye boksi lake na mwingine kwenye swichi. Mtu anayeipenda mashine yake ataigusa tu, ataacha vipi? Nilimgombeza kijana wa boda kwa kwenda polepole, na alipokimbia nikamgombeza kwa kutaka kuniua. Saa kumi ilitukuta bado hatujafika.

Kanisa lilikuwa kimya. Mwimbaji hakuna, kinanda hakuna. Nikajua nimechelewa. Kisha nikasikia sauti ya mtu mmoja ikisali.

Walikuwa wanaiombea mashine. Na si kwa mbali. Kwaya nzima ilikuwa imeizunguka meza, macho yamefumbwa, na kila mmoja amenyoosha mkono akaliwekea lile boksi, kiganja juu ya kiganja, kama wanavyowawekea wagonjwa. Mke wa fundi alikuwepo katikati, nilimjua kwa jinsi alivyomwegemea mumewe, na mtoto mgongoni. Fundi mwenyewe mkono wa kushoto uko juu ya bati, kidole cha kulia kiko juu ya swichi. Anangoja Amina.

Pasta alikuwa anabariki kila kitu. Akabariki waya. Akabariki umeme usikatike. Akabariki masikio ya watakaosikia. Mimi ni mtu wa kucheka sala ndefu, marehemu alikuwa akinikataza, lakini siku ile, jamani, nilitamani abariki na misumari ya dari mmoja mmoja. Nikawa naruka viatu vyao na mikoba yao nikitafuta waya ulikochomekwa. Kupiga kelele niliogopa. Nikipiga kelele mtu atashtuka, kidole kitabonyea.

"Na umbariki, Bwana," pasta akasema, "yule mama Muislamu wa Kasulu, aliyetuuzia vyuma hivi kwa moyo mweupe..."

Nikaung'oa waya ukutani kwa mikono miwili.

"Amina!" wakaitikia wote, na swichi ikalia ta!

Hakuna kilichotokea. Wakafumbua macho, wakanikuta mimi nimekaa sakafuni, plagi nimeikumbatia, nalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Nilipoweza kusema nikawaeleza. Hawakuniamini mpaka niliposema wote wakae mbali, nikachomeka, na fundi akaligusa boksi lake kwa ncha ya testa yangu. Kitaa kikawaka chekundu. Mke wake akakitazama, akamtoa mtoto mgongoni, akamshika mbele kifuani kwa mikono yote miwili. Pasta akaketi.

Fundi aliibadilisha transfoma palepale, risasi ya kulehemu inadondokea mezani. Tulipopima tena testa haikuwaka. Akapima yeye, nikapima mimi, akapima pasta. Nzima. Lakini hapakuwa na mtu wa kusogea. Walisimama ukutani wote, mikono nyuma, na fundi naye akabaki anaitazama mashine aliyoihangaikia miezi yote ile kama anatazama nyoka.

Sikuwalaumu. Chuma kilitoka dukani kwangu. Nikavua viatu, nikasimama juu ya ile saruji kwa nyayo tupu, nikasema bismillahi, nikalaza kiganja changu chote juu ya boksi.

"Washa," nikamwambia.

Akafumba macho, akabonyeza. Mshale ukapanda kwenye kioo, valvu zikaanza kupata wekundu, na chini ya mkono wangu bati lilikuwa baridi. Mke wa fundi ndiye aliyetoka ukutani wa kwanza. Alikuja taratibu, akaweka mkono wake juu ya wangu.