Begi la Wifi la Kupandia Mlima

Wifi yangu ni mrefu. Akisimama mlangoni mwa duka lake la ushonaji, wateja hudhani pamefungwa. Tunamwita Twiga, naye huitika bila kinyongo, maana anajua wanaomtania ni wafupi. Mimi ni mmoja wao, na kwa kuwa ameolewa na kaka yangu, utani ni haki yangu.

Mwaka juzi aliugua. Alikatwa ziwa la kushoto, akapona, akarudi kwenye cherehani yake. Sisi ndio hatukupona. Akiinua sufuria, mtu anamnyang'anya. Akishika ndoo, kaka yangu anaruka kama ameona nyoka. Mimi nami nikimkuta na kapu la sokoni nilikuwa nalipokonya hata kabla ya salamu. "Mtanizika na mikono yangu mizima," alituambia siku moja. Tukacheka kama wajinga, halafu tukampokonya birika.

Basi mafundi cherehani wenzake wakapanga kupanda mlima, kama wafanyavyo kila mwaka, kila mtu na mzigo wake mgongoni: nguo za baridi, maji, chakula, blanketi. Wifi akatangaza kwamba anaenda, na wa kwake ataubeba mwenyewe mpaka juu. "Kama ni kufika kileleni begi langu liko kwa mtu mwingine," alisema, "heri nibaki nyumbani nishone vifungo." Hakuwa anatania.

Kaka akataka kuonyesha mapenzi. Yeye ni fundi wa milango, na kwake kila kitu duniani hupimwa kutoka sakafuni kwenda juu. Alimsimamisha mkewe kwenye fremu, akaweka alama ya penseli, akaenda dukani na kurudi na begi refu kuliko yote. Wifi alipolivaa, mkanda wa kiunoni ulimfika kwenye makalio na sehemu ya juu ikampita kichwa. Ungedhani amebeba mlango. Uzito wote ukaangukia mabegani, na kamba ya kushoto ikalala juu ya kovu. Alitembea hadi getini, akarudi, akalivua, akaliegemeza ukutani. Kaka akanikonyeza: basi, haendi tena.

Mimi nina hasira za karibu. "Lirudishe," nikamwambia. "Na safari hii anayelivaa ndiye achague. Au hata viatu unamnunulia bila miguu yake?"

"Nilimnunulia," akasema kaka.

"Ndiyo," wifi akadakia, "na jirani anavivaa mpaka leo."

Dukani tulipokewa na mama mmoja mnene, tepu ya kupimia shingoni. Alimtazama wifi kutoka juu mpaka chini, kisha akalitazama begi. "Hili alichagua nani?" Kaka akaangalia dari.

"Urefu wa mtu si urefu wa mgongo," yule mama akasema. "Huyu dada urefu wake uko miguuni." Akavuta tepu. Wifi akarudi nyuma. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kutwa nzima wifi huwapima watu vifua na viuno, lakini tangu atoke hospitali hakuna aliyeruhusiwa kumpima yeye. Hata magauni yake alikuwa anayakata kwa kukisia. Mganga hajigangi, na yeye hakutaka mganga mwingine.

"Mpe wifi yangu huyu," akasema hatimaye, akinionyesha mimi. "Anipime yeye. Akinicheka namchoma sindano."

Mimi ni msusi, shingo za watu nazijua kuliko nyuso zao. Nikamwinamisha kichwa, nikautafuta ule mfupa unaojitokeza chini ya shingo. Muuzaji akamwambia ashike kiuno, vidole mbele, gumba nyuma, juu kabisa ya mifupa ya nyonga. "Kama mtu anayegombana," akamweleza.

"Hilo hana haja ya kufundishwa," kaka akasema.

Nikapima kutoka mfupa wa shingo hadi usawa wa vidole gumba, kisha muuzaji akanipima na mimi. Mgongo wake ulikuwa mfupi kuliko wangu! Mimi, ambaye bila kigoda sifikii kabati! Nilicheka mpaka tepu ikaniponyoka, na sindano sikuchomwa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anacheka.

"Na kifuani je?" muuzaji akauliza. "Kamba zinakubana wapi?" Kaka akakohoa, tayari kumjibia. Wifi akamtangulia.

"Upande huu sina ziwa, lilikatwa. Kamba isipite hapa." Alisema vilevile anavyomwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Yule mama hakuinamisha macho wala hakusema pole.

"Basi tuachane na hili mlilokuja nalo, ni la kiume, kamba zake zimenyooka," alisema akielekea kwenye rafu. "Haya ya kike kamba zake zimepinda, zinazunguka kando ya kifua."

La kwanza lilimkata makwapani. La pili mkanda wake ulikataa kukumbatia nyonga. La tatu yule mama alilijaza vifuko vya mchanga, maana begi tupu kila mtu linamkaa. Kaka akanyoosha mikono amsaidie mkewe kuliinua.

"Ukiligusa," wifi akasema, "leo unalala na milango yako."

Akalipandisha mwenyewe. Akafunga kwanza mkanda wa nyonga, akavuta kamba za mabegani, mwisho akasogeza kile kimkanda cha kifuani mpaka kikaliacha kovu kwa chini. Akapanda ngazi za duka, akashuka, akapanda tena. "Mabegani silisikii kabisa," alisema akiwa juu. "Limekaa huku nyongani." Kaka akamuuliza kama amechoka. "Nimechoka kuulizwa," akajibu.

Mlimani nilienda na mimi, kwa sababu kaka aliniomba nimwangalie mkewe. Kumwangalia nilimwangalia, ila kwa nyuma na kwa mbali, maana miguu ile haina mchezo. Nilimfikia kwenye mwinuko mkali, kikundi kilipopumzika. Kiongozi wetu, aliyekuwa na habari za ule ugonjwa, akamwendea moja kwa moja, mikono mbele, ampokee mzigo. Wifi aliniangalia mimi. Nilijua anachoogopa: kwamba nitasema mpe tu, wifi, usijitese, na wengine wote wataitikia. Na kweli maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Huyo muache," nikamwambia kiongozi. "Wake anauweza." Kisha nikavua begi langu. "Chukua hili, baba, mimi nakufa."

Wifi alicheka mpaka akashika mti. Halafu akakaza mkanda wa kiunoni akaendelea kupanda, na mpaka kileleni hakuna mkono wa mtu ulioligusa begi lile.