Jinsi Tulivyoyalinda Malisho ya Bulla Pesa

Nyuma ya mtaa wetu wa Bulla Pesa kulikuwa na uwanda wa malisho usio na mwenyewe, kwa hiyo ulikuwa wetu sote. Jirani yangu mjane alilisha hapo mbuzi wake kumi na wawili, na maziwa yao ndiyo yaliyowakuza wajukuu wake.

Tuliposikia kwamba wageni wanaumezea mate uwanda huo, tuliunda kamati ya kuulinda. Mwenyekiti alikuja na wazo la busara kupita kiasi: tukigawana ploti wenyewe, mgeni atajenga wapi? Mimi nilipewa kazi ya kupima, kwa kuwa nina kamba na daftari. Nilipima siku nne bila kukosea hata futi moja. Kila familia ikazungushia ploti yake uzio wa miiba, ili ulinzi ukamilike.

Siku ya tano jirani yangu alifika na mbuzi, akasimama mbele ya miiba.

"Salaam aleikum, mwenyekiti. Hawa wapite wapi?"

"Waleikum salaam, mama. Si uko na ploti yako? Namba kumi na tisa. Lishia huko."

"Futi hamsini kwa mia?"

"Na ni yako peke yako. Hakuna mtu atakusumbua."

Akawaingiza. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamemaliza majani, wakaanza kula uzio.

Wiki iliyofuata aliwapeleka kwa dada yake anayeishi Kinna, na wajukuu wakazoea chai isiyo na maziwa. Uwanda uko salama. Hajaingia mgeni hata mmoja, wala mbuzi.